Mzee asiache matone ya presha ya macho

Pole dada, nimekuelewa, mzee haumwi popote ndo maana anataka kuacha matone. Asiache kabisa. Jicho linatengeneza maji muda wote na yanatoka kwenye vinjia vidogo pembeni, sasa vikiziba presha inapanda inauminya mshipa wa fahamu kule nyuma, unakufa taratibu kuanzia uoni wa pembeni na mtu hashtuki mpaka kashachelewa. Kilichopotea hakirudi, matone yanalinda kilichobaki. Akishaweka tone afumbe jicho, abonyeze kona ya karibu na pua dakika mbili hivi. Kama ana pumu daktari ajue, timololi, moja ya dawa za matone haya, inabana kifua. Na nyie watoto wake mkapimwe, hii inarithiwa. Jicho likiuma ghafla, likawa jekundu na anatapika, hospitali saa hiyohiyo msisubiri kuche.