Unataka kuruka na Walinzi wa Pwani? Anzia mlangoni mwa helikopta

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyeko Ohio ameniandikia: "Dada, nina makaratasi ya ukaazi wa kudumu, nataka kujiunga na Walinzi wa Pwani wa Marekani niwe rubani. Nianzie wapi?" Wengi mmeniuliza hivyo hivyo, na kila mmoja anataka urubani. Mimi nimetumikia kituo cha anga cha Elizabeth City, North Carolina, nikiwa fundi anayeruka na helikopta. Basi nisikilizeni.

Kituo kilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1940 kando ya mto Pasquotank, na ndege zake za mwanzo zilikuwemo za kutua majini. Haukupita muda, nyambizi za Wajerumani zikawa zinazamisha meli za mizigo pwani ile ile, nazo ndege zikawa zinawinda nyambizi huku zikitafuta mabaharia walioachwa wakielea. Siku hizi kina helikopta aina ya Jayhawk na ndege kubwa za C-130. Hizo C-130 hupelekwa mpaka Newfoundland kusaka milima ya barafu baharini, doria iliyozaliwa na ajali ya Titanic ya mwaka 1912.

Lakini siku ambayo kila anayetaka kazi hii anapaswa kuijua ni tarehe 12 Februari 1983. Meli ya makaa ya mawe, Marine Electric, ilizama nje ya pwani ya Virginia ikiwa na watu 34. Alfajiri ile helikopta kutoka Elizabeth City ilifika, ikateremsha kikapu, kikawafikia watu majini. Hawakuweza kujipandisha. Baridi ilikuwa imeshawatia ganzi mikono. Waliookoka ni 3. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaagiza Walinzi wa Pwani wawe na waogeleaji wa uokoaji, na mwaka 1985 wa kwanza wao wakapangiwa kituo hiki hiki. Chuo chao nacho kiko hapo.

Tangu hapo mtu anashuka mwenyewe kumfuata mtu. Na anayemshusha ni fundi. Ndiyo maana nakasirika nikisikia "fundi tu". Rubani haoni kilicho chini ya tumbo la helikopta. Anayeona ni wewe uliyepiga magoti mlangoni, mkanda kiunoni, mkono mmoja kwenye winchi, mwingine wenye glavu ukiuongoza waya usiyumbe, unamwambia: mbele, mbele kidogo, kulia, hapo hapo. Kikapu sharti kiguse maji au sitaha kwanza, kwa kuwa helikopta hujikusanyia umeme angani na atakayewahi kukidaka atapigwa shoti. Oktoba 2012, katika kimbunga Sandy, meli ya HMS Bounty ilizama na watu 16. Helikopta mbili za Elizabeth City ziliwanyanyua 14, mmoja baada ya mwingine.

Bado linanichoma neno la jamaa yangu mmoja, siku nilipopiga simu nyumbani Pemba kusema nimefuzu: "Umevuka bahari yote hiyo kwenda kuosha ndege?" Ndiyo, tunaziosha. Helikopta ikirudi kutoka baharini inamwagiwa maji matamu, hata injini zinasuuzwa, kwa sababu chumvi inakula chuma usipoiwahi. King'ora kikilia, chombo kinatakiwa kiwe angani ndani ya dakika 30. Sisi Wapemba tuliosubiri majina ya abiria wa meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011, tukihesabu saa, sisi ndio wa kumdharau anayekiweka chombo tayari?

Ushauri wangu wa kwanza ni kuogelea. Wa pili pia ni kuogelea! Watoto wa pwani, hasa sisi wasichana, tunakua tukiitazama bahari kila asubuhi na hatufundishwi kuelea. Wazazi, hili ni letu sote, acheni kusema maji si ya mtoto wa kike. Mpelekeni akajifunze, awe na ndoto ya jeshi au asiwe nayo.

Halafu heshimu ufundi. Ukiandikishwa utapita Cape May, New Jersey, wiki 8 za mafunzo, kisha utapangiwa kazi za kawaida kabla ya zamu yako ya chuo cha ufundi hapo Elizabeth City. Kusubiri kunachosha, vumilia.

Na urubani? Marubani wa kikosi hiki ni maofisa, na ofisa lazima awe raia wa Marekani. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kujiandikisha kama askari wa kawaida, na utumishi wenyewe unamfungulia njia ya kuomba uraia. Kwa hiyo mdogo wangu, jiandikishe, fomu za uraia uzijaze ukiwa kazini, na uombe ufundi wa ndege.