Ndege Wawili wa Kahawia: Yupi ni Yupi?

SWALI: Shikamoo mzee. Kila ifikapo Desemba, vichaka vya nyuma ya nyumba yetu hapa Voi hujaa ndege wadogo wa kahawia, koo jeupe, wasiotulia. Mpwa wangu anasema ni wageni kutoka Ulaya, tena wa aina mbili zisizotofautika. Nimempiga picha mmoja, lakini kitabu kinanichanganya. Nitamjuaje? – Msomaji, Voi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu Ulaya, mpwa wako amesema kweli. Hao, kwa majina ya kisayansi, ni Acrocephalus palustris, ambaye huko kwao hujenga kwenye magugu marefu ya mabondeni, na Acrocephalus scirpaceus, anayejenga kwenye matete. Hilo la kutotofautika ndilo ninalolikataa.

Usianzie kwenye rangi ya mgongo. Vitabu husema scirpaceus ana wekundu juu ya mkia na palustris ana ukijani uliofifia, lakini kivuli cha kichaka huharibu yote hayo, na makinda wa palustris nao wana wekundu. Anzia miguuni. Ya palustris ni myeupe-myeupe kama majani makavu, na kucha zake vivyo hivyo; ya scirpaceus imekolea kijivu. Kisha tazama bawa lililokunjwa: kwa palustris, ncha za manyoya marefu zina kingo nyeupe zilizopangana vizuri.

Mkononi kazi ni rahisi zaidi. Nimewahi kusaidia kwenye nyavu za kunasia ndege za hoteli ya Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako ndege wahamaji huvishwa pete za utambulisho miguuni tangu 1969. Usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za hoteli huwavuta, na kulipopambazuka palustris ndio waliokuwa wengi. Tulikuwa tukifungua bawa na kupima unyoya wa pili kutoka nje (wa kwanza ni kijinyoya tu), kuanzia nchani hadi kwenye mkato wa upande wa ndani. Kwa palustris ni kama milimita 10. Kwa scirpaceus hufika 12 au 13.

Sasa sauti, na hapa ndipo ninapompenda palustris kupita kiasi. Scirpaceus hurudiarudia vipande vyake taratibu, kwa mwendo uleule. Palustris huiga ndege wengine. Mwaka 1979 mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha matokeo ya kazi yake nchini Ubelgiji: dume mmoja huiga kwa wastani aina 76, zaidi ya nusu zikiwa za Afrika. Katika madume wote alitambua aina 212, kati yake 113 za huku kwetu! Baba huacha kuimba mapema, kwa hiyo kinda hujifunza kwa majirani zake, wa Ulaya kwanza, kisha wa njiani na wa huku. Mzungu anayemsikiliza bondeni kwake mwezi Juni anasikia ndege wa Afrika, wengi wao hajawahi kuwaona.

Kwa Voi mwezi Desemba, ningemtaja palustris kwanza. Njia yake hupita mashariki mwa Kenya kuelekea Zambia, Msumbiji na Afrika Kusini, na hurudi Machi na Aprili. Lakini sitamalizia hapo kabla ya kuona picha. Nitumie iliyopigwa ubavuni, miguu na ncha za bawa zikionekana. Kama una simu ya kurekodi, iache karibu na kichaka alfajiri, kwa kuwa palustris huimba hata akiwa huku.