Maduka ya pikipiki za umeme yanaongezeka, bei nayo inapanda: nichukue ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kipo Mwanga, Kigoma. Nimemaliza mkataba wa pikipiki ya petroli na nataka kuiuza niingie kwenye ya umeme. Mwaka jana tulikuwa na muuzaji mmoja, leo wako kadhaa, lakini bei imepanda badala ya kushuka. Duka la kwanza wananiambia 3,200,000, imeandikwa 72V 32Ah. Duka la pili 4,600,000, imeandikwa 72V 40Ah lithiamu. Mabango yote mawili yanasema mota ni 3000W na chaji moja inakwenda kilometa 100. Kwa macho naziona zilezile. Kwa nini bei inapanda wakati washindani wamekuwa wengi? Na nichukue ya bei nafuu, ya ghali, au nisubiri zishuke? Kwa siku natembea kama kilometa 100. Pesa ya kuongezea nitakopa kikoba.

JIBU: Marahaba. Kwa kuwa ni pesa ya kikoba, nitakupa hesabu yote uione mwenyewe, ili kesho mtu akikubishia uwe na namba mkononi.

Fremu, taa na hata mota za hizo pikipiki mbili huenda zinafanana kweli. Tofauti iko chini ya kiti. Kwenye pikipiki ya umeme pesa yako kubwa inakwenda kwenye betri, na betri mbili zenye maandishi yanayokaribiana zinaweza kupishana maisha mara sita au saba. Duka la kwanza hawakukuandikia aina ya betri, na hiyo 32Ah inanitia shaka: ndicho kipimo cha kawaida cha betri za asidi, jamii moja na betri ya gari, zinazofungwa sita za 12V mfululizo kupata 72V. Fungua kiti uangalie. Ukiona matofali sita yameunganishwa kwa nyaya, na ukiambiwa seti nzima ina uzito wa kilo 60 hivi, umeshapata jibu. Ya lithiamu ya ukubwa huo ni boksi moja ambalo mtu mmoja ananyanyua.

Sasa zidisha. Volti mara Ah (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) unapata nguvu iliyohifadhiwa. 72 mara 32 ni Wh 2,304, na Wh 1,000 ni uniti moja, yaani uniti 2.3, uniti zilezile unazonunua kwenye LUKU. 72 mara 40 ni uniti 2.88. Hapo bado zinaonekana jirani. Lakini betri ya asidi ukiikausha kila siku inakufa upesi, kwa hiyo cha kutumia kwa usalama ni kama asilimia 60, uniti 1.4. Lithiamu aina ya LFP (ya chuma na fosfeti, isiyo na kobalti) inavumilia kutumika asilimia 90, uniti 2.6.

Pikipiki yenye dereva na abiria, kwa mwendo wa mjini, nakadiria inakula Wh 35 kwa kilometa. Hapa Tabora, ambako kutoka Isevya hadi Cheyo hukutani na mlima, utapata chini ya hapo. Kigoma ni habari nyingine. Kila mita 100 unazopanda kwenda juu, chombo na watu wawili wakiwa na uzito wa kilo 250, zinahitaji Wh 68 hata kabla ya kuhesabu upotevu wa mota, na ukiuongeza unafika 80 na zaidi. Hiyo ni nguvu ya zaidi ya kilometa mbili za tambarare. Ukibeba abiria kutoka stesheni ya reli kupandisha Mwanga siku nzima, bango la kilometa 100 halikuhusu. Namba ile hupimwa kwa dereva mmoja mwepesi, mwendo mdogo, barabara nyoofu. Kwa Wh 35, ya kwanza itakupa kilometa 40, ya pili 74.

Hapo tu ya kwanza imeshindwa kazi yako. Ili umalize kilometa 100 ungehitaji kuijaza upya mara moja na nusu katikati ya siku, na betri ya asidi inataka saa sita hadi nane kujaa. Ya pili inahitaji kuongezewa kilometa 26 tu. Kwa chaja ya 10A hiyo ni karibu saa moja na nusu, wakati unakula na kuswali. Wakikupa chaja ya 5A muda unakuwa mara mbili, kwa hiyo soma kibandiko cha chaja kabla hujalipa.

Tuje kwenye uhai, maana hapa ndipo bodaboda wengi wanaumizwa. Betri ya asidi inayotumika hivyo nahesabu mizunguko 400 ya kuchaji. Mara kilometa 40, ni kilometa 16,000. Kwa mwendo wako wa kilometa 2,600 kwa mwezi, imekwisha kwa miezi sita hivi. LFP nzuri nahesabu mizunguko 1,500, na huo ni ukadiriaji wa uangalifu, mara kilometa 74, ni kilometa 111,000, zaidi ya miaka mitatu. Tuseme seti mpya ya asidi ni 900,000 na lithiamu ni 1,900,000 (weka bei utakazopewa wewe). Kila kilometa ya asidi inakula shilingi 56 za betri. Ya lithiamu, shilingi 17.

Ongeza umeme. Uniti moja ya kawaida ni 292, na ukiweka VAT na tozo za REA na EWURA inafika karibu 357. Ukihesabu na nguvu inayopotea wakati wa kuchaji, lithiamu inakula kama shilingi 15 kwa kilometa, asidi 17 kwa sababu inapoteza zaidi. Petroli tuiweke 3,000 kwa lita na pikipiki yako ya sasa iende kilometa 40 kwa lita: shilingi 75 kwa kilometa.

Jumlisha kwa mwezi. Petroli 195,000. Lithiamu, umeme pamoja na kuweka akiba ya betri ijayo, kama 83,000. Asidi, karibu 190,000. Naomba urudie hesabu hiyo polepole. Ukinunua ile ya bei nafuu utakuwa umebadilisha chombo, umeingia deni la kikoba, umepoteza nusu siku ukichaji, na gharama yako ya kilometa ni ileile ya petroli. Utaona unafuu miezi mitano ya kwanza, kisha betri itakufa kwa mkupuo mmoja na utatafuta 900,000 ambayo hukuiweka pembeni kwa sababu hakuna aliyekuambia uiweke. Ile tofauti ya 1,400,000 kati ya maduka mawili inarudi kwa miezi 13 hivi.

Umeuliza kwa nini bei inapanda wakati wauzaji ni wengi. Kwanza hakikisha unalinganisha kitu kilekile. Mara nyingi pikipiki ya mwaka jana ilikuwa ya asidi na ya mwaka huu ni lithiamu, jina na rangi havijabadilika. Hapo bei haijapanda, umebadilishiwa bidhaa. Pili, bei ya mkopo si bei ya taslimu. Ukitajiwa bei ya mkataba, uliza ya taslimu ni ngapi, halafu toa.

Lakini kuna kupanda kwa kweli. Desemba 2024 China ilipunguza marejesho ya kodi kwa wanaouza betri nje, kutoka asilimia 13 hadi 9, na anayelipa pengo hilo mwishoni ni mnunuzi. Ng'ambo ya ziwa lenu, Congo ilisimamisha kuuza kobalti nje mwezi Februari 2025, na bei ya kobalti ikaruka. Hiyo inagusa lithiamu aina ya NMC, ambayo ina kobalti ndani, haigusi LFP. Halafu kuna safari. Betri za lithiamu husafirishwa kama mzigo wa hatari na hulipiwa hivyo, na kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilometa 1,200. Muuzaji anayeagiza pikipiki kumi analipa zaidi kwa kila moja kuliko anayejaza kontena. Wauzaji watano wakigawana wateja ambao mmoja angewamaliza, kila mmoja anaagiza kidogo na kila mmoja ananunua ghali. Ndiyo maana wingi wa maduka Kigoma haujaleta nafuu bado.

Ushindani wao unaonekana kwingine, kwenye vitu usivyoviona. Cha kwanza kupunguzwa ni BMS, ile saketi ndani ya betri inayolinda seli (vibetri vidogo vinavyounda betri) na kuamua ni ampea ngapi zitoke. Mota ya 3000W kwa 72V inahitaji ampea 42 ikiwa kazini kawaida, na kwenye mlima na abiria kontrola (kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota) inaweza kuvuta 60 au 80 kwa muda mfupi. Betri ikiwekewa BMS ya 40A, tambarare itakwenda vizuri kabisa, na siku ya kwanza ukipandisha mlima na abiria mnene itazima katikati ya barabara. Unasubiri kidogo, inawaka tena. Watu hudhani betri imekufa au mota mbovu, wanabadilisha kontrola, wanapoteza pesa. Nimeona malalamiko haya mengi kutoka maeneo yenye milima kuliko hapa kwetu. Muulize muuzaji: kontrola inaruhusu ampea ngapi za juu kabisa, na BMS inaruhusu ngapi? Ya BMS lazima iwe kubwa kuliko ya kontrola. Kama hajui, akusomee kibandiko au ampigie aliyemletea. Usikubali kuambiwa "haina shida".

Na hilo neno "lithiamu" pekee halitoshi, lazima ujue ni LFP au NMC. Angalia volti za kutoka kwenye chaja. Ikiandikwa 84V, ni NMC ya seli 20. Lithiamu ikiwa na chaja ya 87.6V, ni LFP ya seli 24. NMC ni nyepesi na inafanya kazi, ila mizunguko yake ihesabu 800 hadi 1,000, kwa hiyo bei yake iwe chini. Usichukulie chaja kuwa kipimo cha kutofautisha LFP na asidi, maana chaja za asidi za 72V nazo zinafika karibu 88V. Hapo tumia uzito.

Kusubiri je? Wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani, kwa hesabu za BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, ulishuka kutoka dola 139 kwa uniti moja ya ujazo mwaka 2023 hadi 115 mwaka 2024. Ni mshuko mkubwa. Lakini kwa betri yako ya uniti 2.88 hiyo ni dola 69, chini ya shilingi 200,000. Wewe kila mwezi unaobaki kwenye petroli unaacha kama 112,000 mezani. Kwa anayetembea kilometa 100 kwa siku, kusubiri bei ishuke kunagharimu kuliko mshuko wenyewe. Angekuwa mtu wa kilometa 20, kwenda sokoni na kurudi, ningemwambia atulie.

Kuna njia ya tatu, kama duka la kwanza chombo chao ni imara. Waombe wakuuzie bila betri, ununue LFP ya seli 24 pembeni. Kontrola ya 72V inaipokea, lakini lazima ununue na chaja yake. Chaja ya asidi usiichomeke kwenye lithiamu hata siku moja.

Kabla ya kulipa popote, omba majaribio. Ianze ikiwa imejaa. Pakia abiria, pita Ujiji, rudi Gungu, panda na kushuka kama siku ya kazi hadi ibaki kidogo, andika kilometa. Halafu ichaji mahali ambapo unaweza kuzima kila kitu kingine, usome mita ya LUKU kabla na baada. Uniti zilizoingia, toa kama asilimia 15 za upotevu, ndizo zilizotumika barabarani. Zikiingia uniti 1.5 tu na uliambiwa betri ni ya 2.88, umejua. Muuzaji anayejiamini hatakataa.

Na mita hiyo isiwe ya nyumbani kwako kama uko D1, kundi la TANESCO la bei nafuu kwa wanaotumia umeme kidogo. Pikipiki pekee itakula uniti 107 hivi kwa mwezi, wakati D1 mwisho wake ni 75. Utaharibu bei nafuu ya familia nzima. Hesabu yangu ya juu nimeiweka kwa bei ya kawaida kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo, chukua ya duka la pili, kwa masharti mawili yaandikwe kwenye risiti. Moja, dhamana ya betri iseme miezi mingapi na ikishuka chini ya asilimia ngapi wanabadilisha, na kwamba wanabadilishia hapo Kigoma, si kwa kuipeleka Dar kwa gharama yako. Mbili, bei ya betri ya akiba leo, kwa tarakimu, na uoneshwe moja ikiwa dukani. Kila chapa inakuja na plagi na boksi lake, duka likifungwa hutapata ya kufanana kwa jirani. Wakikataa kuandika hayo, baki na pikipiki yako ya petroli, imeshakwisha mkataba na ni mali yako, na uniandikie tena akija muuzaji atakayekubali.