Mwanangu akipigwa, arudishe? Maswali ya wazazi wa Lamu

Tangu shule zifungwe, watoto wako nyumbani kutwa na ugomvi wao, na maswali yamemiminika. Nimechagua yale yanayorudi rudi.

Mwalimu, mwanangu ana miaka miwili na nusu. Akija mtoto wa ndugu yangu, hakubali kitu chake kiguswe. Naona aibu, watu watasema nimelea mchoyo. (Mama, Langoni)

Mama, aibu iache. Mtoto wa umri huo bado hajajua kwamba kitu kikitoka mkononi mwake kinaweza kurudi. Ukimpokonya ndoo umpe mgeni, atakachoshika ni kwamba mwenye nguvu hupokonya, na kesho atampokonya mdogo wake. Wengi wa miaka miwili hucheza ubavuni mwa mwenzao tu, kila mmoja na lake. Huwa ni kwenye miaka minne hivi ndipo mtoto anaanza kuelewa vizuri kwamba mwenzake ana mawazo yake mwenyewe, tofauti na ya kwake.

Kabla mgeni hajaingia, achague kile asichotaka kiguswe, mkifiche pamoja kabatini. Kisha toa vitu visivyo na mwenyewe: sufuria, vifuu, beseni la maji. Wakigombea kimoja, usiseme "mpe", sema "zamu". Zamu iwe fupi, vikombe vitatu vya maji, halafu mwenzake. Na uhakikishe inarudi kweli. Wakubwa tunaenda jikoni tunasahau, mtoto anangoja zamu isiyokuja. Mara ya pili hakuamini, na ana haki.

Wangu wa miaka mitano anampiga punda wa jirani kwa fimbo na kuwatupia paka mawe. Nikimkanya anacheka. (Baba, Mkomani)

Mji wetu wa kale haupitishi magari. Mchanga, mawe na saruji hupita vichochoroni mgongoni mwa punda, na mtoto anamwona kila siku, pamoja na anavyopigwa. Mwaka 1961, huko Stanford, Marekani, Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa. Watoto hao, walipoachwa na mwanasesere huyo, walimpiga vilevile, na wengine wakayarudia hata maneno. Basi nakuuliza, baba: fimbo hiyo ameiona kwa nani?

Kukanya peke yake kunamwacha mikono mitupu, kwa hivyo mpe kazi. Zungumza na mwenye punda; jioni mzigo ukishateremshwa, mtoto apeleke ndoo ya maji. Simama naye ubavuni, punda anapowaona, kamwe si nyuma, maana teke halijui mtoto. Aweke kiganja shingoni asikie joto. Muulize masikio yameelekea wapi. Yakilala nyuma kabisa, punda amekasirika au anaogopa, mrudi hatua kadhaa. Ikiwa kamba imemchubua, mwonyeshe kidonda, kisha nyamaza. Usihubiri hapo. Mkiwa na nafasi, ombeni ruhusa mkatazame kazi katika kituo cha Donkey Sanctuary, ambacho kimekuwa kikitibu punda wa Lamu tangu miaka ya 1980. Mtoto akiona mtu mzima anamwosha punda kidonda kwa upole, naye ana cha kuiga.

Kwa paka, amwekee kichwa cha samaki kisha arudi nyuma. Asimshike asiyemjua. Aking'atwa au kukwaruzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, kwani kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa.

Mtoto wa dada yangu amemuumiza mwenzake na hataki kusema samahani. Nimlazimishe? (Halati yake, Shela)

La. Utaipata ile samahani ya kuangalia chini, na hasira itabaki palepale. Mwambie alete kitambaa cha maji baridi, au aokote alivyovimwaga. Neno litakuja siku nyingine, hasa akikusikia wewe unaliomba kwake ulipomkosea.

Nampa peremende kila akimsaidia mdogo wake. Kuna ubaya? (Mama, Matondoni)

Punguza polepole. Felix Warneken na Michael Tomasello, wakifanya utafiti Leipzig, Ujerumani, walionyesha mwaka 2006 kwamba hata watoto wa miezi 18 humwokotea mtu mzima kitu kilichomdondoka, bila malipo. Mwaka 2008 wakaona jingine: waliozoeshwa zawadi walisaidia mara chache zawadi zilipokoma, kuliko wale ambao hawakuwahi kupewa. Mwambie tu ulichokiona: "Ulimshika mkono ngazini, hakuanguka." Peremende mpe siku yoyote, bila sababu.

Nimemwambia mwanangu wa miaka sita akipigwa arudishe. Mamake hataki. Tuamulie. (Baba wa watatu, Langoni)

Unaogopa asiwe mnyonge, na hofu hiyo naielewa. Lakini kofi la kurudisha huleta jiwe, na anayeonwa na wakubwa mara nyingi ni yule wa pili. Mfunze asimame imara, anyooshe mkono mbele, apaze sauti: "Basi! Usinipige!" Kisha aondoke aende kwa mkubwa aliye karibu. Akija kukwambia, usimwite mshitaki, la sivyo siku ya jambo kubwa atanyamaza. Fanyeni mazoezi nyumbani, wewe ukijifanya mgomvi. Utashangaa wanavyoupenda mchezo huo.

Mgomvi akiwa yuleyule kila siku, hapo mzigo si wa mtoto tena. Nenda kwa babake baada ya Alasiri, mkae barazani, watoto wasiwepo. Anza na "watoto wetu", usianze na "mtoto wako".

Ama kuhusu mamake, safari hii yuko sawa, ila usimwambie nimesema mimi.