Boti ya tani mbili nyuma ya Land Cruiser: 4x4 iwekwe lini?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Sahare, Tanga. Nina Land Cruiser ya zamani, gia za mkono, 4x4 inaingizwa kwa mpini. Nataka kuvuta boti ya faiba mpaka Pangani. Pamoja na trela inafika kilo 2,200. Je, niweke 4x4 njia nzima ili gari lipate nguvu?

JIBU: Marahaba. Hapana, kwenye lami acha mpini kwenye H2, yaani magurudumu mawili ya nyuma tu. 4x4 haiongezi nguvu ya injini hata chembe, inaigawa tu kwa magurudumu manne ili yashike chini. Gari lako halina difu ya katikati, ile inayoruhusu shafti ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na shafti zimefungwa pamoja. Mchangani tairi huteleza kidogo, yakaisha. Kwenye lami hazitelezi: usukani unakuwa mzito, tairi zinalika, gia boksi inaumia. (Wenye 4x4 ya kudumu, kama Prado nyingi, hilo haliwahusu, mradi wasifunge difu ya katikati.)

Nguvu unayoitafuta iko L4, yaani magurudumu manne kwa gia nzito ya chini, ambayo huzidisha mvuto kama mara 2.5 na kupunguza mwendo kwa kiasi hicho hicho. Itumie ufukweni, wakati wa kuitoa boti majini. Kama hapu zako za mbele (vitovu vya magurudumu) ni za kufunga kwa mkono, zifunge kwanza, la sivyo utachimba shimo kwa magurudumu mawili ukidhani ni manne. Na usitoe boti maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua. Subiri yajae, trela isikanyage ule mchanga wa chini uliolowa.

Lakini mimi naiogopa zaidi safari yenyewe. Hukuniambia kama trela ina breki. Trela isiyo na breki, magari mengi ya aina hii hayaruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750, nawe una karibu mara tatu ya hapo. Trela nyingi za kuchomelewa mtaani hazina. Kama yako ni hivyo, usitoke nayo kabla ya kufungiwa breki, hata kama mwenzako anavuta hivyo hivyo kila wiki. Angalia pia kitabu cha gari na maandishi ya kwenye ndoano, ufuate kiwango kilicho kidogo.

Kisha pima uzito unaokaa kwenye ndoano. Uwe kama asilimia 10 ya mzigo, kwako kilo 220 hivi. Weka trela sawa, kichwa chake kwenye mizani ya kupimia magunia. Boti ina tabia mbaya hapa: injini na mafuta viko nyuma kabisa, kwa hiyo kichwa kinakuwa chepesi na trela inaanza kutikisa mkia. Sogeza nanga na madumu mbele. Ikishindikana, boti yenyewe isogezwe. Ikikutikisa njiani, usikanyage breki kwa nguvu wala usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, ushike usukani sawa.

Ukifika Pangani, zipumzishe hapu za trela mpaka zipoe kabla ya kuzitumbukiza. Zikiingia majini zikiwa moto, hewa ya ndani hunywea na kufyonza maji ya chumvi, na beringi hazichukui muda kuanza kulia.