Je, tunaweza kula mlo wa Pasaka nyumbani kwetu?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Tuko Kisumu, watu watano nyumbani. Juma Kuu hili natamani tule mlo kama ule wa Kutoka 12, unisaidie kujihoji nafsi. Je, yafaa? Ni lazima tuchinje kondoo na kupaka damu mlangoni?

Jibu: Asifiwe milele, Mama. Yafaa, ila kondoo wa Pasaka msichinje na damu msipake. Sheria ilitaka dume wa mwaka mmoja asiye na ila, atengwe siku ya 10 ya mwezi, achinjwe jioni ya siku ya 14, asivunjwe mfupa. Yohana anaposema Yesu hakuvunjwa mfupa msalabani (19:36), anatuonyesha Mwanakondoo ni nani. Kumchinja mwingine ni kusema Huyo hakutosha. Wala msiigize Seder, yaani mlo wa ibada wa Pasaka wa Wayahudi, wenye vikombe vinne vya divai. Utaratibu huo ulipata umbo lake baada ya hekalu kubomolewa mwaka wa 70, na kwao ni ibada hai.

Anza na chachu, usiku wa kuamkia siku ya mlo. Zamani chachu haikuwa hamira ya pakiti. Ilikuwa donge la kinyunya cha jana lililotiwa katika unga wa leo. Wewe unaijua kwa uji: ule wa jana unaoachwa chini ya chungu ili wa leo uchachuke upesi. Ukishakorogwa hauonekani tena, lakini chungu kizima kina ladha yake. Hiyo ndiyo chachu ya kale anayoisema Paulo katika 1 Wakorintho 5. Basi shika tochi, pekua kabati, toa hamira, mkate na masalio ya uji. Kwa kila unachotoa, mtajie Mungu jambo moja la zamani ulilolihifadhi: neno aliloliropoka shemeji mwaka juzi, pesa za chama ambazo hazikurudi. Wengi hukosea hapa, wakaanza kuhesabu chachu ya mume na ya watoto. Taja yako tu, kimoyomoyo.

Mkate: vikombe viwili vya unga wa ngano wa kawaida, si ule wa keki uliokwisha kutiwa dawa ya kuumulia. Ongeza maji kidogo kidogo, kama robo tatu ya kikombe, bila chumvi wala mafuta. Mikono iliyozoea chapati itataka kufunika kinyunya nusu saa kilainike. Usifanye hivyo. Wayahudi huhesabu dakika 18 tangu maji yaguse unga hadi mkate uive, maana Israeli walitoka Misri kwa haraka, kinyunya hakijachachuka. Sukuma chembamba sana, toboatoboa kwa uma, choma kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali. Kikiwa kinene kitakuwa kama mpira.

Mboga chungu mnayo: osuga, yaani managu. Chemsha kwa maji matupu dakika 10 hadi 15. Najua kwetu huilaza na maziwa ili uchungu upungue, na ni tamu kweli, lakini jioni hiyo maziwa yakae kando. Uchungu unakumbusha utumwa, nasi tuna mazoea ya kuungama dhambi huku tukizitia maziwa: “nilikasirika kidogo tu.” Tafuneni kimya kwanza, kisha mtoto aulize maana yake, kama Kutoka 12:26 inavyotazamia. Jibu kwa maneno machache, asije akasinzia.

Msiuite mlo huu Meza ya Bwana. Hiyo ni ya kanisa lote likikusanyika.

Neno la mwisho ni idadi yenu. Israeli hawakuruhusiwa kubakiza nyama hadi asubuhi, na nyumba ndogo ilishirikiana na jirani (12:4). Pika cha kumalizika usiku huo, nanyi mwalike mtu. Kama kuna jirani uliyemkumbuka ukitoa chachu, anza na yeye.