Usikimbilie mvexpand: majibu kwa wasomaji wa Splunk

Safu ya leo nimeiachia Splunk, programu ya kutafuta na kuchambua logi, peke yake, maana maswali yamejaa na karibu yote yanazunguka shida moja: fildi moja imebeba thamani nyingi, mtu anataka kuhesabu au kuchuja, mambo yanaharibika. Kweri zote humu mnaweza kuzijaribu kwa makeresults, amri inayotengeneza iventi (rekodi moja ya logi) ya kubuni, bila kugusa logi za kazini.

SWALI: Habari ya kazi kaka. Niko Dodoma, nasimamia seva ya barua pepe. Logi yetu inaandika wapokeaji wote kwenye fildi moja, wametenganishwa kwa koma. Bosi anataka kujua barua ngapi zimeenda kwa watu wa nje ya kampuni. Nimetumia makemv kuigawa fildi hiyo, nikafuatisha mvexpand, sasa namba imekuwa kubwa kuliko barua zenyewe, halafu inaleta onyo kwamba matokeo yamekatwa. Shida iko wapi?

JIBU: Salama ndugu yangu. Bosi kauliza barua, wewe unahesabu watu. mvexpand kazi yake ni kuchukua kila thamani na kuifanya iventi yake yenyewe, kwa hiyo barua moja iliyoenda kwa watu 40 inageuka safu 40, na kila safu inabeba nakala ya fildi zingine zote pamoja na _raw (maandishi ghafi ya logi), ndiyo maana memori inaisha. Kuna kikomo kwenye faili la mipangilio limits.conf kinaitwa max_mem_usage_mb, kwa mvexpand kawaida ni MB 500, ukikigonga inakata matokeo na kukupa hilo onyo uliloliona. Wengi wakiliona wanakimbilia kupandisha kikomo. Kwako hapo mvexpand haihitajiki kabisa, jaribu hivi:

`| makeresults`
`| eval wapokeaji="asha@example.com, Juma@example.com,mteja@example.org"`
`| eval wapokeaji=split(replace(lower(wapokeaji), "\s+", ""), ",")`
`| eval wote=mvcount(wapokeaji)`
`| eval nje=mvfilter(NOT match(wapokeaji, "@example\.com$"))`
`| where isnotnull(nje)`

Hapo wote ni 3 na nje kabaki mteja peke yake, na iventi bado ni moja. Kwenye logi halisi malizia na `| stats count` umepata namba ya bosi.

Angalia ule mstari wa replace, usiuruke. Baada ya koma ya kwanza kuna nafasi, na split haina habari na nafasi, inakuachia " juma@example.com" yenye nafasi mbele, kesho ukiilinganisha na orodha ya wafanyakazi haifanani na mtu yeyote na utakesha unatafuta mchawi. Na kama logi yako inaandika na majina ya watu kabla ya anwani, mfano "Mushi, Asha" ndani ya alama za kunukuu, basi koma haifai tena kutenganishia, chomoa anwani kwa rex, amri inayotafuta kwa muundo wa maandishi (regex):

`| rex field=wapokeaji max_match=0 "(?<anwani>[\w.+-]+@[\w.-]+)"`

max_match=0 ndiyo inayosema chukua zote, usipoiweka rex inachukua ya kwanza tu na kunyamaza.

Mawili ya kuongezea. mvcount ikikuta fildi tupu hairudishi 0, inarudisha null (hakuna thamani), kwa hiyo ukitaka wastani wa wapokeaji wa nje kwa kila barua toa ule mstari wa where kisha andika `coalesce(mvcount(nje),0)`, la sivyo barua zisizo na mtu wa nje hazitaingia kwenye hesabu na wastani utapaa. Halafu mvfilter inakubali fildi moja tu ndani ya sharti lake. Ukitaka kulinganisha anwani na domeni iliyoko kwenye fildi nyingine itagoma, hapo tumia mvmap, iko kuanzia toleo la 8.0:

`| eval nje=mvmap(anwani, if(like(anwani, "%@".domeni), null(), anwani))`

SWALI: Mambo vipi. Mimi ni mdada wa data hapa Nairobi, tunavuta risiti za supermaketi kama JSON. Kila risiti ina bidhaa kadhaa, kila bidhaa ina jina na bei. Nimefanya mvexpand ya majina, kisha mvexpand ya bei, risiti ya vitu 3 inanipa safu 9 na sukari ina bei ya mafuta. Nisaidie.

JIBU: Poa sana dada. Splunk haijui kwamba jina la kwanza ni la bei ya kwanza, kwake hizo ni fildi mbili zisizojuana, ukipasua moja kisha nyingine anakupa kila jina na kila bei, 3 mara 3. Jibu ambalo utalikuta kila mahali ni mvzip: unafunga jozi kwanza, unapasua mara moja, halafu unafungua.

`| eval jozi=mvzip('bidhaa{}.jina', 'bidhaa{}.bei', "|")`
`| fields jozi`
`| fields - _raw`
`| mvexpand jozi`
`| eval jina=mvindex(split(jozi,"|"),0), bei=mvindex(split(jozi,"|"),1)`

Zile alama moja moja za kunukuu kwenye 'bidhaa{}.jina' usizisahau, bila hizo eval haielewi mabano yale. Hiyo "|" nimeiweka makusudi, usipoweka kitu mvzip inatumia koma, na siku ikija bidhaa inaitwa "Mafuta ya kula, lita 1" bei yako itakuwa "lita 1". Na _raw nimeitoa kwa mstari wake kwa sababu `fields jozi` peke yake inaiacha _raw ikining'inia, ndiyo inayokula memori. Namba ya risiti ukiihitaji itaje pamoja na jozi.

Lakini kusema kweli mimi kwa JSON siipendi mvzip. Bidhaa moja ikija bila bei, labda ya ofa, orodha ya bei inapungua mmoja na bei zote za chini yake zinapanda ngazi moja, unga unachukua bei ya sabuni, na hakuna onyo lolote, dashibodi inapendeza tu. Salama zaidi pasua kitu kizima kikiwa bado JSON, halafu ndiyo ukisome, vyote kwa spath, amri ya kusoma JSON:

`| spath path=bidhaa{} output=kitu`
`| fields kitu`
`| fields - _raw`
`| mvexpand kitu`
`| spath input=kitu`

Hapo kila safu inabeba jina lake na bei yake, isiyo na bei inabaki wazi na unaiona. Hapa mvexpand iko mahali pake, kwa sababu kweli unataka safu kwa kila bidhaa.

SWALI: Mbona mvsort inaniwekea porti 10000 kabla ya 443? Na list() inaniletea porti 100 tu wakati najua zipo zaidi. (Msomaji, Kampala)

JIBU: mvsort inapanga kama kamusi, inaangalia herufi ya kwanza, 1 inatangulia 4 basi. values() nayo inapanga hivyo hivyo. Zijazie sifuri mbele kisha upange: `| eval porti=mvsort(mvmap(porti, printf("%05d", tonumber(porti))))`. Kuhusu list(), ndivyo ilivyo, inaishia thamani 100 za kwanza na inaweka na zinazojirudia. Ukitaka zisizojirudia tumia values().

SWALI: Shikamoo. Nina fildi ya X-Forwarded-For (heda inayoorodhesha IP ambako ombi limepitia) yenye IP mbili tatu. Nataka IP ya mteja kwa ajili ya alati ya watu wanaojaribu nywila. Je nichukue ya kwanza? (Kijana wa zamu, Mombasa)

JIBU: Marahaba kijana. Kuchukua ni rahisi, mvindex inaanza kuhesabu 0, na hasi inahesabu kutoka mwisho:

`| eval ip=split(replace(xff,"\s+",""),","), mwanzo=mvindex(ip,0), mwisho=mvindex(ip,-1)`

Ila ya kwanza usiiamini kwa alati ya usalama. Hiyo heda mteja mwenyewe anaweza kuituma tayari imejazwa IP ya uongo, proksi (seva za kati zinazopitisha maombi) zinaongezea tu upande wa kulia, kwa hiyo anayejaribu nywila anabadilisha hiyo ya kwanza kila mara na alati yako inaona watu mia tofauti. Ukiwa na proksi moja tu mbele ya seva, na proksi hiyo ndiyo inayoongeza IP, chukua -1. Zikiwa mbili za kwenu, chukua -2, ila orodha ikiwa fupi kuliko hapo mvindex inarudisha null, kwa hiyo iventi hizo usizitupe, zitenge uziangalie maana pengine mtu amezunguka proksi akagonga seva moja kwa moja.